Karatasi Iliandikiwa Nani?

Mwaka 1887 kibarua wa Kichina aitwaye Chae Chan Ping aliondoka San Francisco kwenda kuwajulia hali jamaa zake China. Alikuwa ameishi California miaka 12, na hakuwa mtu wa kubahatisha. Kabla ya kupanda meli alichukua cheti cha kurudi kutoka kwa maafisa wa forodha, kama sheria ilivyotaka. Cheti kilieleza yeye ni nani na kwamba ana haki ya kurejea. Mwaka uliofuata, akiwa bado baharini, Marekani ikatunga sheria mpya, na tarehe 1 Oktoba 1888 vyeti vyote vya aina ile vikafutwa kwa mkupuo mmoja. Meli yake, Belgic, ilitia nanga wiki moja baadaye. Inakadiriwa kwamba Wachina wapatao 20,000 walikuwa nje ya nchi na vyeti kama chake. Chae Chan Ping alikwenda mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 1889 akashindwa.

Katika miaka hiyohiyo bahari ileile ilikuwa ikivukwa na karatasi za namna nyingine, zikielekea upande wa pili: barua fupi zilizofuatana na fedha, kutoka kwa watoto walioko ughaibuni kwenda kwa mama, mke, shangazi na wadai. Wanaoandika historia ya sheria hukaa na vyeti, wanaoandika historia ya familia hukaa na barua, na ni nadra makundi hayo mawili ya karatasi kulala kwenye meza moja. Nadhani ni hasara. Wala sisemi kwamba cheti ni cha uongo na barua ni ya kweli. Hilo lingekuwa jepesi mno. Zote mbili ziliandikwa kwa ajili ya msomaji fulani, na mwandishi alimjua msomaji wake vizuri. Mwenye cheti alijieleza kwa mtu aliyekwisha kuamua kutomwamini. Mwenye barua alijieleza kwa mtu ambaye hakutakiwa kupata wasiwasi. Ukimsahau msomaji huyo wa kwanza, utazisoma nyaraka hizi upande.

Nianze na Marekani, kwa sababu huko mashaka yalijengewa mfumo mapema na kwa ukamilifu. Sheria ya Kuwazuia Wachina ya 1882 iliwafungia mlango vibarua, ikawaachia wafanyabiashara, walimu, wanafunzi na wasafiri. Ukishamkataza kibarua na kumruhusu mfanyabiashara, lazima upate njia ya kujua nani ni nani, na hapo karatasi huanza kuzaa karatasi. Sheria ya Geary ya 1892 ikamtaka kila kibarua wa Kichina aliyekuwa tayari nchini ajiandikishe na awe na cheti cha ukaazi. Asiyekuwa nacho angeweza kukamatwa na kufukuzwa, isipokuwa awe na sababu ya kueleweka na shahidi mmoja mwaminifu, ambaye sheria ilitamka bila haya kwamba awe mzungu. Vyama vya Wachina vya San Francisco viliwaambia watu wao wagome, na walio wengi wakagoma. Mwaka 1893 Mahakama ya Juu ikawaangusha tena. Muda wa kujiandikisha ukaongezwa, na safari hii picha ikawa ya lazima. Zama hizo raia wa kawaida wa Marekani au wa Ulaya aliweza kuzunguka nchi kadhaa bila hati yoyote mkononi. Utaratibu wa pasipoti tunaoujua leo ulikuja kuota mizizi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Dobi wa Kichina wa California alikuwa na kitambulisho chenye picha kiasi cha robo karne kabla ya hapo.

Picha zenyewe zinastahili kutazamwa kwa makini. Mwanahistoria Anna Pegler-Gordon, aliyezichunguza, ameonyesha kwamba Wachina hawakukaa tu wapigwe kama wafungwa. Wengi walikwenda studio kwa hiari yao na kurudi na picha walizozichagua: mtu amekaa kwenye kiti cha nakshi, amevaa vazi la heshima, uso umetulia. Afisa alitaka picha impe sura ya kulinganisha. Mpigwa picha alitaka iseme jambo jingine kabisa, kwamba huyu si kibarua. Karatasi moja, madai mawili, na yote yakagongwa muhuri uleule.

Tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko la ardhi na moto uliofuata viliteketeza sehemu kubwa ya San Francisco, na pamoja na ofisi za mji zikaungua rejista za vizazi. Kwa Wachina msiba ule ulifungua mwanya. Aliyesema amezaliwa hapo hakuweza tena kukanushwa kwa kitabu. Na aliyezaliwa hapo alikuwa raia. Hilo lilikwisha kuamuliwa mwaka 1898 katika kesi ya Wong Kim Ark, mpishi mzaliwa wa San Francisco aliyezuiwa bandarini alipotoka kutembea China. Mtoto wa raia naye alikuwa na haki ya kuingia hata kama alizaliwa Guangdong. Basi mtu akirudi kutoka ziara ya nyumbani alimwambia afisa kwamba amejaliwa mwana. Huenda alijaliwa kweli, huenda mtoto alikuwa wa kike, huenda hapakuwa na mtoto. Nafasi iliandikwa kwenye faili, ikakaa miaka, ikapata mnunuzi. Kijana aliyeinunua aliitwa mwana wa karatasi. Bei iliyozoeleka ilikuwa kama dola 100 kwa kila mwaka wa umri wa huyo mwana aliyeandikwa.

Serikali ilijua, na jibu lake lilikuwa kituo cha Angel Island, ndani ya ghuba ya San Francisco, kilichofunguliwa mwaka 1910 na kufungwa 1940. Huko msafiri wa Kichina aliwekwa siku, wiki, hata miezi, akisubiri kuitwa mbele ya bodi: maafisa, karani wa kupiga chapa, na mkalimani aliyebadilishwa mara kwa mara asije akala njama. Maswali hayakuhusu sana alichokuja kufanya. Nyumba yenu inatazama wapi? Ni ya ngapi katika safu yake? Ngazi ngapi mpaka mlangoni? Pipa la mchele linakaa pembe ipi? Sakafu ya chumba cha kulala ni ya udongo au ya vigae? Jirani wa nyumba ya tatu ana watoto wangapi, na mkubwa anaitwa nani? Bibi yako alifungwa miguu? Babu alizikwa kilima kipi? Kisha baba, au aliyeitwa baba, aliulizwa yaleyale peke yake. Majibu yakigongana, kijana alirudishwa alikotoka.

Jaribu na wako. Waulize ndugu wawili waliolelewa nyumba moja, mmoja yuko Tanga na mwingine Muscat, kila mmoja kwa wakati wake, baraza la bibi lilikuwa na ngazi ngapi. Ndugu wa kweli hutofautiana; wanaokubaliana bila kusita ni wale waliokaa chini wakapanga. Ndivyo usaili ule ulivyojikuta ukimpitisha aliyekariri na kumwangusha aliyesema ukweli wake kwa kusitasita. Mwaka 1910 mwana mkubwa wa Wong Kim Ark mwenyewe alifika, mtoto wa mtu ambaye kesi yake iliipa Marekani maana ya uraia wa kuzaliwa. Majibu yake hayakulingana na ya baba yake. Akakataliwa.

Tarehe nazo zilikuwa mtego. Msafiri alijua siku yake ya kuzaliwa kwa kalenda ya mwezi na kwa mwaka wa utawala wa mfalme, kwa hiyo nakala za mahojiano zimejaa vifupisho kama K.S., yaani enzi ya Mfalme Guangxu, na baada ya mapinduzi C.R., miaka ya Jamhuri. Kwa hesabu ya Kichina mtoto huzaliwa akiwa na mwaka mmoja tayari, na huongeza mwingine mwaka mpya unapoingia; kichanga cha wiki mbili kinaweza kuhesabiwa miaka miwili. Karani akisahau kugeuza, mtu hupata umri mwingine. Sisi tunaolijua kundi kubwa la wazee waliozaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu tu karani alihitaji kujaza kisanduku na mzee alikumbuka msimu wa mvua, hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Dhidi ya nakala ya mahojiano ilisimama karatasi ya pili: kijitabu cha kukariri. Kilinunuliwa pamoja na jina. Ndani yake mlikuwa na maswali na majibu yaliyoandikwa kwa mkono, majina ya wajomba na wake zao, safu za nyumba, mara nyingine mchoro wa kijiji ukionyesha kisima na nyumba ya mizimu ya ukoo. Kijana alikisoma nyumbani, akakirudia melini, na kabla ya kuona pwani akakitupa baharini. Vilivyonaswa vilifungwa ndani ya mafaili kama ushahidi, na hivyo serikali ikawa mhifadhi mkuu wa maandishi iliyoyapiga vita. Ukiviweka kijitabu na nakala ya mahojiano bega kwa bega, unaona kwamba ni kazi ya mikono miwili inayofundishana. Afisa anaongeza swali kwa kuwa lile la jana limekwisha kukaririwa. Mwandishi wa kijitabu anaongeza ukurasa kwa kuwa habari za swali jipya zimemfikia kupitia wapishi wa Kichina wa kituo kile. Miaka 30 ya mchezo huo ikatoa maelezo ya vijiji vya Guangdong ambayo hakuna mtaalamu wa mila ambaye angelipwa kuyakusanya.

Tyrus Wong alipita hapo akiwa mtoto. Alizaliwa Taishan mwaka 1910, akafika na baba yake mwishoni mwa 1920, na karatasi zake zilisema anaitwa Look Tai Yow. Baba aliruhusiwa kutoka. Mtoto akabaki kisiwani peke yake mpaka alipofaulu usaili wake. Miongo miwili baadaye michoro yake ya msitu, iliyochorwa kwa mkono uliofunzwa na mandhari za Kichina za kale, ndiyo iliyoipa filamu ya Bambi sura yake. Jina lililoandikwa forodhani halikuwa lile ambalo watu walikuja kumjua nalo. Yeye aliishi miaka 106 na alipata nafasi ya kusimulia. Wengi wa rika lake walikufa bila kuwaambia hata watoto wao.

Kuna karatasi ya tatu ambayo si karatasi. Kwenye kuta za mbao za mabweni, waliozuiliwa walichonga mashairi kwa Kichina, mengi bila majina. Jengo lilikuwa likisubiri kubomolewa pale mlinzi wa hifadhi, Alexander Weiss, alipoyaona mwaka 1970 na kuyapigia kelele. Baadaye Him Mark Lai, Genny Lim na Judy Yung wakayakusanya katika kitabu. Msomaji wa mashairi yale hakuwa afisa wala mama. Alikuwa mtu atakayelala kitanda kilekile mwezi ujao. Ndiyo maana hasira, ambayo huioni kwenye nakala za mahojiano na huipati kwenye barua za nyumbani, iko hapo wazi, pamoja na aibu na kiu ya kisasi. Mtu yuleyule aliyemjibu afisa asubuhi kwa adabu kuhusu pipa la mchele, usiku alikuwa na kisu kidogo mkononi. Mtafiti anayetaka kujua alichohisi asimtafute kwenye faili lenye jina lake.

Kanada ilichagua njia nyingine. Haikuhangaika sana na hadithi ya mtu. Ilitaka fedha yake. Kuanzia 1885, mwaka ambao reli ya kuvuka nchi ilikamilika na mikono ya Wachina walioijenga ikawa haihitajiki tena, karibu kila Mchina aliyeingia alilipa kodi ya kichwa ya dola 50. Sheria ya 1900 ikaifanya dola 100, na ya 1903 ikaifikisha 500, kiasi kinachosemwa kuwa kilitosha mshahara wa kibarua wa miaka kama miwili. Kwetu kodi ya kichwa ina historia yake, na ilikusudiwa kumtoa mtu shambani kwake akatafute kazi ya mzungu. Kule ilikusudiwa kumzuia mtu asije kufanya kazi kabisa. Kinachoziunganisha ni kwamba stakabadhi iligeuka kuwa utu. Cheti kilichojulikana kama C.I. 5 kina ukingo wa mapambo kama noti, na chini yake picha ya uso. Maandishi yake yanakiri kupokea fedha kutoka kwa fulani, ambaye anadai kuwa mzaliwa wa kijiji fulani, wilaya fulani, mwenye umri kadhaa, aliyeshuka bandari fulani siku fulani. Fedha ni hakika na zimehesabiwa. Mahali pa kuzaliwa ni madai yake mwenyewe. Nchi haikuhitaji kumwamini ilimradi amelipa.

Tarehe 1 Julai 1923, siku ya sikukuu ya taifa, hata mlango wa kulipia ukafungwa. Kwa miaka 24 iliyofuata Wachina walioruhusiwa kuingia hawakufika hata 50, na Wachina wa Kanada wakaiita siku ile Siku ya Fedheha. Wote waliokuwa nchini walitakiwa wajiandikishe upya, hata watoto waliozaliwa Vancouver na Victoria, ambao walipewa cheti chenye sentensi inayosema kwamba cheti hicho hakithibitishi uhalali wa mtu kuwepo Kanada. Huhitaji kuwa mwanasheria kuona ubaya wa karatasi inayokulazimisha uwe nayo kisha inakanusha faida yake. Mwaka 2006 Waziri Mkuu Stephen Harper aliomba radhi bungeni, na waliolipa kodi waliokuwa bado hai, au wajane wao, wakapewa dola 20,000 kila mmoja. Wachache mno walikuwa wamebaki. Miaka 17 baadaye Jumba la Makumbusho la Wachina wa Kanada lilifunguliwa Vancouver, tarehe 1 Julai 2023, kwa maonyesho ya vyeti hivi vilivyokusanywa na Catherine Clement. Chanzo chake kikubwa kilikuwa makabati ya familia: vyeti vilivyokunjwa, kuchanika na kubandikwa gundi, kwa kuwa kila babu aliogopa kukipoteza chake mpaka siku alipokufa.

Australia haikuuliza hadithi wala kudai fedha nyingi. Ilidai mkono. Sheria ya 1901 iliweka mtihani wa imla: afisa alimsomea mgeni maneno 50 katika lugha ya Ulaya, lugha aliyoichagua afisa, na aliyeshindwa kuyaandika hakuingia. Hapakuwa na nia ya kumfaulisha mtu. Mchina aliyekwisha kuishi Sydney au Melbourne na kutaka kwenda kumzika mzazi alihitaji hati ya kusamehewa imla, la sivyo asingerudi nyumbani kwake. Hati hiyo ilitengenezwa nakala mbili, moja akaichukua msafiri na nyingine ikabaki forodhani. Upande wa mbele kuna uraia, mahali pa kuzaliwa, umri, rangi ya ngozi, kimo, nywele, macho, umbo, alama za mwilini, na picha mbili, ya uso mzima na ya upande. Ukiigeuza, unakutana na kiganja kizima cha mtu, kimechovywa wino mweusi na kukandamizwa kwenye karatasi. Miaka ya baadaye kidole gumba kikatosha.

Hati hizo ni maelfu, na mwaka 2011 watafiti Tim Sherratt na Kate Bagnall waliiagiza kompyuta izitafute nyuso ndani yake na kuzipanga kwenye ukuta mmoja wa mtandaoni, uso kando ya uso, bila maelezo. Kazi ile inasifiwa, na inastahili, kwa kuwa inawakumbusha Waaustralia kwamba nchi waliyoitangaza kuwa ya weupe haikuwa hivyo. Hata hivyo ina upungufu ambao hauwezi kurekebishwa na kompyuta. Kiganja hakina kijiji. Mashaka ya Kimarekani yalimlazimisha mtu azungumze, hata kama ni kwa uongo, na tukapata ngazi, visima na majina ya mashangazi. Ya Kiaustralia yalimpima akiwa kimya. Mahali pengine ndani ya mafaili mna barua za majirani wazungu, polisi au mwenye duka, wakithibitisha kwamba muuza mboga huyu ni mtu mwema. Sauti iliyobaki humo mara nyingi ni yao, si yake.

Kiganja na kidole vilikuwa na safari yao ndefu zaidi, na hapa inafika kwetu. Edward Henry, polisi wa Kiingereza aliyeboresha upangaji wa alama za vidole huko Bengal, alipelekwa Johannesburg mwaka 1900 na mbinu yake. Kuanzia 1904 machimbo ya dhahabu ya Transvaal yaliajiri Wachina zaidi ya 60,000, na alama zao za vidole zikachukuliwa. Mwaka 1907 sheria ikataka vidole kumi vya kila Mhindi na Mchina mkaazi. Mkuu wa chama cha Wachina, Leung Quinn, akaungana na Gandhi kuipinga, na tarehe 16 Agosti 1908 vyeti zaidi ya elfu mbili vikachomwa moto mbele ya Msikiti wa Hamidia. Ni mojawapo ya nyakati chache ambapo wenye karatasi walimwonyesha msomaji wao kwamba hawamwandikii tena. Mwaka 1915 Kenya ikatunga sheria ya kipande, ikaanza kutekelezwa karibu na 1920, na vidole vilevile vikatiwa wino, safari hii vya Waafrika, na karatasi ikafungwa ndani ya kijaluba cha bati shingoni.

Sasa zile barua. Kwa watu wa Chaoshan na Fujian, waliokwenda zaidi Siam, Malaya, Java na Ufilipino, zinaitwa qiaopi. Kwa Wakantoni wa Amerika ni barua za fedha, yinxin. Mwaka 2013 UNESCO iliziingiza zote katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Mwanzoni zilipelekwa na wasafirishaji walioitwa wageni wa maji, watu wa kijijini wanaojulikana kwao na huko ng'ambo, waliochukua kamisheni na kwenda nyumba kwa nyumba. Baadaye yakaja maduka maalumu ya kazi hiyo. Bahasha nyingi zina ukanda mwekundu katikati, na kiasi cha fedha kimeandikwa nje, mbele ya macho ya kila mtu. Maduka yalihesabu barua kwa kufuata mpangilio wa maneno ya kitabu cha kale ambacho kila mtoto aliyepita chuoni alikikariri, Maandishi ya Herufi Elfu Moja, hivyo namba ya barua ilikuwa herufi na tarakimu. Mleta barua alisubiri jibu hapohapo, kipande kidogo cha karatasi cha kuthibitisha kwamba fedha imefika.

Ndani, nafasi ni finyu na taratibu ni nyingi. Mwana anaanza kwa kupiga magoti mbele ya mama yake, kwa maneno. Anataja fedha. Kisha anagawa: hizi za matumizi ya nyumbani, hizi za shangazi, hizi za mjomba tuliyemkopa, hizi za ada ya mdogo wangu. Anauliza kama paa limetengenezwa. Anasema yuko salama, mama asiwe na wasiwasi. Barua ya kwanza kabisa, ile ya kuarifu kwamba amefika, ilitumwa na fedha kidogo hata kama mtu hajapata kazi. Maduka yaliwakopesha wageni ili barua isiende mikono mitupu. Yaani tamko la kwanza la usalama lilikuwa limeandikwa juu ya deni. Mama aliyelisoma alitulia, na hilo ndilo lililokusudiwa.

Tena mara nyingi hakulisoma. Mwana alimlipa mwandishi barua huko Bangkok au Singapore, na mama alisomewa na mleta barua au mwalimu wa kijiji, majirani wakiwa mlangoni. Hapo ndipo jamii hizi mbili za karatasi zinapofanana kuliko zinavyodhaniwa. Huku kuna mkalimani na karani kati ya msemaji na msomaji. Kule kuna mwandishi na msomaji wa kukodi. Hakuna hata moja iliyo sauti tupu ya mhamiaji. Wanaoziita barua hizi moyo uliofunguliwa wamezisoma kwa huruma kuliko kwa makini. Mtu aliyejua kwamba kiasi cha fedha kitaonekana na kijiji kizima, na maneno yake yatasomwa kwa sauti, hakuandika kwamba amelala njaa wala kwamba ana mke mwingine ng'ambo. Alitunza heshima, yake na ya mama yake.

Kuna jambo moja ambalo mashaka ya serikali yaliokoa na mapenzi ya ukoo yakaacha. Kitabu cha nasaba cha Kichina, zupu, kilifuata mwanamume na mwanawe na mjukuu wake kwa vizazi vingi, na mwanamke akapita humo kama ubini tu: mke wa fulani, wa ukoo wa Chan. Mabinti mara nyingi hawamo. Afisa wa Angel Island, kwa sababu zake mbaya, alitaka kujua mama alitoka kijiji gani, baba yake mama alikuwa nani, yu hai au amekufa, dada wa kijana wameolewa wapi. Nao pia huandikwa kwa ubini, lakini wanakuwa na miguu, kijiji, kaburi, na chumba walicholala. Mjukuu anayewatafuta bibi zake atawakuta wengi zaidi kwenye faili la chuki kuliko kwenye kitabu cha fahari.

Marekani ilifuta sheria ya kuwazuia Wachina tarehe 17 Desemba 1943, kwa kuwa China ilikuwa mshirika wake vitani, ikawapa nafasi 105 kwa mwaka. Majina ya karatasi hayakufutika. Mwaka 1956 serikali ilianzisha mpango wa kukiri: mwana wa karatasi ajitokeze, aseme ukweli, na huenda akasamehewa. Zaidi ya 13,000 walikiri. Ila kukiri kwa mmoja kulifichua ukoo mzima wa kununuliwa, ndugu kwa ndugu, na zilikuwa enzi za kuwasaka wakomunisti, kwa hiyo wengi walinyamaza. Wapo waliorudia jina la kuzaliwa. Wapo waliobaki na lile la kununua kwa sababu watoto wamelisomea, duka limeandikwa hivyo, mkopo wa nyumba uko hivyo. Makaburini, yakiwemo ya Colma kusini ya San Francisco, utakuta mawe ambayo herufi za Kilatini zinasema jina moja na za Kichina zinasema jingine.

Mafaili ya Angel Island yamehifadhiwa San Bruno, California, na mtu wa familia huweza kuomba kuliona la babu yake. Aombe kwa jina la karatasi, maana ndilo lililo juu ya jalada. Lile la kweli halitaleta kitu. Akitaka kwenda mbali zaidi ya babu, itambidi achukue lile jina jingine na kwenda nalo Guangdong, aulize kama kitabu cha ukoo kilinusurika miaka ya Mapinduzi ya Kitamaduni, vitabu vya aina hiyo vilipochomwa. Humo, kama kimo, ataonekana kijana aliyekwenda ng'ambo, na hakuna neno juu ya yule Look au Lee aliyekuja kuwa. Kumbukumbu hizo mbili hazijuani, na hakuna ofisi, huku wala kule, iliyopewa kazi ya kuzikutanisha.